Kwa Nini Twamtafuta Mungu?

Wanafunzi wangu, ninyi mliokulia hapa Dimani na katika bonde la Rufiji mwajua dungu ni nini. Ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, na mwenye shamba hukaa humo majuma mengi akiulinda mpunga wake, mchana na ndege, usiku na nguruwe na kiboko. Kazi hiyo haina sifa. Mtu hupiga debe, huvuta kamba zenye makopo, hupaza sauti hata koo linakauka, na mbu humla usiku kucha.

Basi, palikuwa na mzee mmoja aliyelima kando ya mto, naye alikuwa na wapwa wawili. Wa kwanza alikuja wakati wa kuamia ndege, akapanda dunguni pamoja na mjomba wake, akala alichokula mzee, akalala alipolala. Wa pili hakuonekana mpaka mpunga ulipoiva. Siku ya tatu ya mavuno ndipo alipofika, na kikapu kipya mkononi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umenijia mimi, ama umeujia mpunga?"

Kijana akacheka, akasema, "Nimekujia wewe, mjomba. Mpunga ni baraka tu."

Mzee hakujibu neno. Alimjazia kikapu chake mpaka juu, wakaagana kwa amani. Mwaka wa pili yake mto ulifurika kabla ya mavuno, ukalichukua shamba lote pamoja na dungu lenyewe. Mpwa wa pili hakuja. Hakuja kutoa pole, wala hakutuma salamu.

Mtasema kwamba hadithi hii ni nyepesi, wa kwanza ni mwema na wa pili ni mbaya. Ngojeni. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza yule mpwa wa kwanza, ambaye siku hizi ana mvi kichwani, kwa nini alikwenda dunguni mwaka ule. Akanijibu bila haya kwamba alikuwa amevunja chungu cha mama yake, akakimbia fimbo. Hakumwendea mjomba wake kwa mapenzi hata kidogo. Alitafuta mahali pa kujificha, na juu ya dungu hapana wa kumfikia mtu ila apande ngazi. Mapenzi yalikuja baadaye, kidogo kidogo, mzee alipokuwa akimsimulia usiku habari za mto na za watu wa zamani. Ishikeni habari hiyo ya chungu, maana tutairudia.

Twasema, "Namtafuta Mungu." Neno hili ni rahisi kinywani. Walakini kila atafutaye hutafuta kwa ajili ya jambo, na jambo hilo moyoni ndilo tuliitalo nia. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani yetu hii, huwafundisha watoto wao tangu udogo kwamba sala huanza kwa nia. Tena wana neno la kuitia ibada ifanywayo ili mtu aonekane na watu, huiita ria. Neno hilo sisi Wakristo wa pwani twalijua, na yafaa tulitumie juu ya nafsi zetu. Bwana Yesu mwenyewe, katika mafundisho yake ya mlimani, aliwanena watu waliopenda kusimama wakiomba katika njia panda ili watazamwe, akasema kwamba hao wamekwisha kupata ujira wao. Angalieni vema jambo hili. Hakusema kwamba watu hao hawakupata kitu. Walitaka kutazamwa, nao wakatazamwa. Walilipwa walichokitaka, hesabu ikafungwa.

Mwaka 2024, mwezi wa Aprili, mto Rufiji ulifurika ukafunika mashamba na nyumba nyingi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na watu walihama wakibeba walichoweza kubeba. Mwakumbuka. Siku zile katika kikanisa chetu palitolewa unga na maharage, wala hapana aliyeulizwa dini yake. Jumapili ya kwanza mabao ya kukalia hayakutosha. Watu walikaa chini, na wengine walisimama nje penye madirisha. Mimi niliyeongoza ibada nilifurahi mno, na usiku ule niliandika hesabu ya watu katika daftari kwa wino mwekundu. Unga ulipokwisha niliandika hesabu nyingine, nikaona haya kuitazama.

Kwa muda niliwakasirikia wale walioondoka. Kisha nikajiuliza: hao walikuja kwa sababu watoto wao walikuwa na njaa; je, mimi nilifurahi kwa sababu gani? Nilifurahia hesabu. Nilitaka watu waseme kwamba kanisa la mwalimu fulani limejaa. Hata leo nikipima nia hizi mbili, yao na yangu, naona yao ilikuwa afadhali.

Jambo lile lilinirudisha kwenye sura ya sita ya Injili ya Yohana, nami nawashauri mwisome nyumbani, maana hapa nitaieleza kwa maneno yangu tu. Watu kama elfu tano walilishwa kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Kesho yake wakapanda mashua, wakavuka ziwa, wakamtafuta Yesu mpaka Kapernaumu. Nani asingesema kwamba hao ni watu wenye bidii ya dini? Lakini yeye aliwaambia wazi kwamba wamemtafuta kwa sababu walikula wakashiba. Hakuwafukuza kwa ajili hiyo, wala hakujuta kuwalisha. Maana aliwalisha akiwajua. Alianza kuwaeleza habari za mkate mwingine, na maneno yakawa magumu masikioni mwao, hata wengi wakarudi makwao. Ndipo alipowauliza wale kumi na wawili kama wao nao wataka kwenda zao. Petro akajibu kwamba hawana mwingine wa kumwendea. Mimi napenda jibu hilo kwa sababu Petro hakudai kwamba ameyaelewa maneno yale magumu. Alisema kwamba hana pengine pa kwenda.

Sasa twende Buganda, maana huko mambo haya yalitokea mbele ya macho ya watu wengi, tena yameandikwa. Mwaka 1875 msafiri Stanley alifika kwa Kabaka Mutesa, na barua ya kuomba walimu wa dini ya Kikristo ikapelekwa Uingereza, ikachapwa katika gazeti. Walimu wakaja: Waingereza mwaka 1877, na mapadre wa Kifaransa mwaka 1879. Je, Mutesa alimtaka Mungu? Mimi siwezi kuuhukumu moyo wa mfalme aliyekufa zamani. Lakini twajua kwamba siku zile majeshi ya Misri yalikuwa yakishuka kutoka kaskazini, na Mutesa alihitaji bunduki na baruti na marafiki wenye nguvu. Alipoona kwamba walimu wamemletea vitabu zaidi ya bunduki, furaha yake ilipungua. Aliwasikiliza Wakristo leo na Waislamu kesho, akiwapima wote, akafa mwaka 1884 bila kubatizwa.

Katika nyumba ile ile ya kifalme walikuwamo vijana watumishi, wengine wa umri wenu. Wao walifuata masomo kwa siri usiku, na neno "msomaji" likawa ndilo jina la Mkristo. Kwa nini walisoma? Nadhani wengine walivutwa na herufi zenyewe, jinsi karatasi iwezavyo kusema. Na wengine walifuata rafiki zao. Hakuna ubaya. Lakini chini ya Kabaka Mwanga mambo yaligeuka. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu waliuawa. Mwaka uliofuata, usiku mmoja wa mwezi wa Mei, Charles Lwanga aliwabatiza wenzake kadha wa kadha waliokuwa bado hawajabatizwa, mmoja wao akiitwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Walijua kwamba kesho watahukumiwa. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, walichomwa moto huko Namugongo. Ubatizo wa usiku ule haukuwa na unga wala cheo wala barua ya kazi ndani yake.

Laiti habari ingeishia hapo! Vita vilifuata, na baada ya mapigano ya Mengo ya Januari 1892 vyeo vya nchi viligawanywa kwa dini: ukubwa huu wa Waprotestanti, ule wa Wakatoliki, na mwingine wa Waislamu. Mtu aliyetaka ukubwa alijua mlango wa kuingilia. Mwaka 1900 yakaja mapatano na Waingereza, na wakubwa wakapewa mashamba makubwa kuwa mali yao. Makanisa yalijaa. Sisemi kwamba wote waliobatizwa miaka ile walikuwa wanafiki. Wako waliotoka Buganda kwa miguu wakaenda kufundisha mbali, kama Apolo Kivebulaya, aliyekwenda mpaka Mboga, nchi ya Kongo, akafungwa na kupigwa huko, akafa katika kazi hiyo mwaka 1933. Nasema tu kwamba miaka kumi haijapita tangu moto wa Namugongo, na jina lile lile la "msomaji" lililomwua mtu likawa lamletea mtu cheo. Jina halikubadilika. Ilikuwa vigumu sana kujua nani ni nani, hata kwa wasomaji wenyewe.

Labda utasema, "Hayo ni ya Waganda." Haya, tutazame kwetu. Mwaka 1904 na 1905, katika kijiji cha Ngarambe, upande huu huu wa Rufiji, mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji, akisema kwamba ni dawa itakayowalinda na risasi za Wajerumani. Watu walimwendea kwa makundi. Msiwacheke babu zetu. Walikuwa wakilazimishwa kulima pamba kwa fimbo, na mtu aliye chini ya fimbo hutafuta mkono wowote wa kumwinua. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti 1905, na vita vya Maji Maji vikaendelea bila yeye, watu wakafa kwa maelfu mengi, kwa risasi na zaidi kwa njaa. Risasi ilipomwangusha mtu aliyepakwa maji, imani ya wenzake ilianguka pamoja naye, maana walikuwa wameahidiwa kinga.

Naitaja habari hii kwa sababu nimewaona Wakristo wanaovaa msalaba shingoni kama hirizi, na wazazi waletao mtoto abatizwe ili degedege limwache. Mimi siwazuii. Mama mwenye mtoto mgonjwa ashike lolote aliwezalo, na ampeleke hospitali pia. Lakini mtoto akifa, na watoto hufa, mama huyo atasema nini juu ya Mungu? Ikiwa alitafuta kinga peke yake, atasema kwamba maji hayakufaa.

Kuna tena watu waliofika kwa Mungu bila nia yoyote. Mwaka 1864 Askofu Tozer alifika Unguja, na Sultani Majid akampa watoto watano waliokamatwa katika chombo cha watumwa. Fikirini juu ya watoto hao. Waliibwa makwao, wakauzwa, wakapakiwa jahazini, wakanyang'anywa, wakapewa mgeni mweupe kama zawadi. Hakuna aliyewauliza wamtafuta nani. Pengine walidhani kwamba wataliwa. Mmoja wao, John Swedi, alikua katika nyumba ile, akasoma, akafundisha, akapewa ushemasi mwaka 1879. Kama tungemwuliza siku ya kwanza nia yake ni nini, angalitujibu kwamba ataka kurudi kwa mama yake.

Haya basi, nami nitoe yangu, maana si haki mwalimu kufukua mioyo ya wengine na wake kuufunika.

Nilipokuwa kijana nilisikia kwamba barua ya mchungaji ingenisaidia kupata nafasi katika chuo kimoja cha ualimu. Nikajiandikisha katika darasa la ubatizo. Niliyakariri mafundisho kwa majuma machache kama mtu akaririye jedwali la kuzidisha, nikajibu maswali yote bila kosa. Mchungaji, mzee mpole wa maneno machache, aliniuliza swali moja lisilokuwamo kitabuni: "Ukikosa nafasi chuoni, utakuja Jumapili?" Nilijibu "Ndiyo, mchungaji" upesi mno. Akanitazama kidogo. Akanibatiza.

Mwaka ule nilikosa nafasi. Jumapili iliyofuata sikwenda kanisani. Ya pili yake sikwenda. Juma lile mchungaji alikuja nyumbani kwetu, nikajiandaa kukemewa. Lakini yeye alimjulia hali mama yangu aliyekuwa na homa, akaketi, akaona mtumbwi wetu uliopasuka, akanisaidia kuuziba mpaka jua likatua. Hakulitaja kanisa hata mara moja. Jumapili ya tatu nilikwenda, nikakaa karibu na mlango. Nilikwenda kwa ajili ya yule mzee, si kwa ajili ya Mungu, na nikiri kwamba ilinichukua miaka kuweza kuwatenganisha hao wawili. Chuoni niliingia mwaka uliofuata.

Kwa hiyo sikushangaa sana msichana mmoja wa darasa la juu aliponijia baada ya vipindi, akilia.

"Mwalimu, futa jina langu. Siwezi kubatizwa."

"Kwa nini, binti yangu?"

"Umetuambia tuchungue nia zetu. Mimi nimechungua. Nataka gauni jeupe, na shangazi ameahidi kupika pilau, na Mariamu wa kwetu amebatizwa nami sitaki abaki peke yake na jina zuri. Nikitoa hayo sijui hubaki nini."

Niliona kwamba nimemfundisha nusu ya somo. Yuko mtu asiyejichungua kamwe, naye ni hatari. Lakini yuko pia ajichunguaye kila saa, kama mkulima afukuaye mbegu zake kila asubuhi atazame kama zimeota. Huyo wa pili hatavuna, ingawa shamba lake ni safi.

Nikamwuliza kama anaikumbuka habari ya mwana mpotevu katika Injili ya Luka. Akasema ndiyo. "Alirudi kwa baba yake kwa sababu gani?" Akafikiri, akasema, "Kwa sababu alitubu." Nikamwambia aisome tena, pole pole, kwa kidole. Akasoma kimya. Kisha akainua macho, akasema, "Mwalimu, alirudi kwa sababu ya njaa!"

Ndivyo. Kijana yule alikaa kati ya nguruwe, akawakumbuka watumishi wa baba yake jinsi wanavyokula na kusaza, akatunga maneno ya kusema atakapofika. Alikwenda akikihesabu chakula. Na baba yake alipomwona kwa mbali alikimbia kumlaki, wala hakumngoja amalize maneno yale aliyoyatunga njiani. Tena yuko kaka yake, ambaye hakuondoka nyumbani siku zote. Yeye naye, siku ile aliposikia ngoma, ikaonekana kwamba miaka yote aliyotumika alikuwa akingojea mwana-mbuzi wake. Nani kati ya hao wawili aliyekuwa na kikapu mkononi? Msichana yule alikaa kimya muda mrefu, halafu akacheka, akaniuliza kama aweza kwenda nyumbani. Jina lake sikulifuta. Wala sikumwahidi kwamba nia yake ni safi; nilimwambia kwamba gauni litachakaa na pilau itakwisha siku ile ile, nasi tutaona.

Mwaka huu wako tisa walioandikisha majina yao, na wote tisa wameandikisha mwezi huu, baada ya kusikia kwamba wako wafadhili watakaowalipia wengine ada ya shule ya bweni. Sikusema neno darasani. Mwajijua. Ada hiyo haikuwekewa sharti la ubatizo, nami nimehakikisha. Aliyedhani hivyo aweza kuja kufuta jina lake bila kuulizwa, na akitaka kulirudisha baadaye, kalamu ipo.

Kwa wote, waliojiandikisha na wasiojiandikisha: kesho kabla ya kengele ya kwanza kila mmoja achukue ukurasa mmoja, aandike mambo matatu aliyomwomba Mungu mwezi huu. Kisha chini yake aandike jibu la swali hili: nikinyimwa haya yote matatu, je, nitamwendea tena, na kumwendea kwa ajili gani? Msitazamiane. Sitazikusanya kurasa hizo, wala hapana alama. Kila mtu atakwenda na yake, aiweke atakapo. Nami nitakuwa nimeketi mbele, nikiandika yangu.